Mbingu Zimetabiriwa, Jirani Je?

Msimu wa mvua wa Umuhindo ukikaribia, mji wetu wa Kamembe hapa Rwanda unagawanyika mafungu mawili: wanaouliza kama mvua itanyesha, na wanaolazimika kuwajibu. Mimi sikuomba kuwa fungu la pili. Niliponzwa na mdomo wangu, siku niliposema pale kwa mama muuza chai kwamba utabiri wa siku kumi wa Meteo Rwanda huwa nausoma mpaka mwisho. Tangu hapo nimegeuzwa ofisi. Mwenye harusi anakuja. Aliyeanika mihogo anakuja. Kijana wa moto, yaani teksi ya pikipiki, anasimama katikati ya barabara, abiria yuko nyuma na kuku wake mkononi, ananiuliza: "Mzee, leo vipi?"

Namjibu kama ilivyoandikwa: mvua inatarajiwa magharibi mwa nchi baada ya saa sita mchana. Kijana hana shida na magharibi mwa nchi. Anataka kujua kama itamnyeshea yeye, kwenye kona ya Gihundwe, saa tisa na nusu. Isiponyesha kwenye kona hiyo, jioni atatangaza mbele za watu kwamba Meteo ni waongo na mimi ni wakala wao. Ikinyesha, hasemi kitu. Mvua imefanya kazi yake, mimi sina mchango.

Na hebu mtu anieleze, mvua gani hiyo itakayowaridhisha watu wote wa Rusizi? Wilaya hii ni moja kwenye karatasi tu. Kule Bugarama, kwenye mpunga na kiwanda cha saruji, mto Rusizi unapita kwenye kimo cha mita 950 hivi, na hakuna ardhi ya chini kuliko hapo katika Rwanda nzima. Jua la huko halina adabu. Sisi Kamembe tuko juu ya mita 1,500, ziwa Kivu liko miguuni mwetu. Panda tena kuelekea msitu wa Nyungwe, pita chai ya Shagasha, na saa saba mchana utakuta watu wamefunga vifungo vyote vya makoti. Bweyeye wako ng'ambo ya msitu, na hali yao ya hewa wanaijua wenyewe. Sasa mtangazaji wa redio ana nusu dakika. Atasema "Rusizi", atavuta pumzi, ataendelea na Nyamasheke. Shemeji yangu wa Bugarama alinipigia simu siku moja kulalamikia vumbi, akidai dhoruba niliyomwambia ameitafuta haioni. Nikiwa bado natafuta maneno ya kumtuliza, mvua ikaanza kulipiga bati la jikoni kwangu hata hatukusikilizana tena. Mpaka leo anaamini nilimkatia simu kwa hasira.

Lakini hayo ni madogo. Kinachonikera hasa ni milimita.

Redio ikitaja milimita 30 za mvua, watu wanacheka. Wamesoma, wanaikumbuka rula: milimita 30 ni sentimita tatu, hata kifundo cha mguu hakilowi. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, alitamka mbele ya chai yake kwamba tunatishwa kwa sentimita tatu. Nikaomba kalamu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Nyumba yangu si kubwa, mita nane kwa sita, yaani mita za mraba 48. Milimita 30 juu ya bati hilo ni lita 1,440. Hizo ni jerikani 72 za lita 20. Kwa uzito ni karibu tani moja na nusu, na mvua zetu hazilipi kwa awamu: mzigo wote huo unaweza kushuka kabla maharagwe hayajaiva. Mwalimu alilitazama bati la mama muuza chai, akalitazama tena, akalipa na kuondoka bila kungoja chenji.

Hapo hesabu bado haijafika kwenye balaa lenyewe. Balaa ni kwamba tunaishi kwenye mteremko. Katika nchi hii ya vilima kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini. Jerikani zangu 72 nazijua, nimezitengea pipa na mtaro. Za jirani yangu wa juu, ambaye bati lake ni mara mbili ya langu na ua wake ameusakafia ili gari lisikanyage tope, hazimo katika utabiri wowote. Meteo Rwanda wana vipimo, wana picha za setilaiti, wana wataalamu waliosoma mpaka wakavaa miwani. Wanaweza kuniambia wingu linatoka wapi na litafika lini. Hawawezi kuniambia kwamba mtaro wa jirani umejaa mchanga wa kujengea tangu Julai.

Na maji hayo yana safari ya heshima. Tuko upande wa Kongo wa ule mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Nile na ya Kongo. Tone likianguka hapa linaingia Kivu, linatoka kwa mto Rusizi, linashuka mpaka Tanganyika, linapita Lukuga, linaufikia mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Safari yote hiyo, na kituo cha kwanza ni jikoni kwangu.

Nilimwendea jirani kwa adabu. Hapa kwetu huanzi na mtaro. Unaanza na watoto, unapita kwa mama yake mzazi, unamuulizia ng'ombe aliyezaa, unasikitika kuhusu bei ya mafuta ya taa na ya kula. Nilipofika kwenye mtaro chai ilikuwa imekwisha. Akaniambia, "Mzee wangu, mvua ni baraka." Sikubisha. Nikamwambia tu kwamba baraka yake imelowesha mfuko wangu wa unga. Akacheka sana, akanishika bega, akaahidi kuushughulikia wiki hii. Wiki hiyo haijaisha. Jirani yangu wa chini naye ana maneno yake kuhusu mimi, lakini safu hii haina nafasi.

Tuje kwenye upepo, ambao hausikilizwi kabisa. Meteo huutaja kwa mita kwa sekunde. Mita 10 kwa sekunde! Mtu anaona hapo ni kutoka mlangoni mpaka kwenye mgomba. Zidisha kwa 3.6, utapata kilomita 36 kwa saa, na dhoruba ina mikupuo inayozidi hapo. Halafu watu wanasimama mlangoni, mlango wazi, mikono kiunoni, wakisema, "Eee, leo ni kali!" Hao ndio wanaoisaidia. Upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule ulioingia kwa mlango huo huo wa watazamaji hulisukuma kutoka ndani. Bati likipata kuvutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja, kilichobaki ni msumari. Na msumari, ndugu msomaji, ulipigwa na fundi wangu. Fundi huyo aliitumia misumari kwa uchumi mkubwa: mmoja hapa, mwingine utakutana nao mbele ya safari. Nilipomwambia kwamba wizara inayoshughulikia majanga, MINEMA, huhimiza mbao za paa zifungwe kwa waya mpaka kwenye ukuta, alinitazama kwa huruma, akasema, "Baba, nyumba hii haina mpango wa kwenda popote." Pakiti nzima ya misumari aliihesabu kwenye malipo.

Mke wangu hasomi utabiri. Yeye ana Bukavu. Kutoka uani kwetu mji ule wa Kongo unaonekana ng'ambo ya maji, nyumba zimepandana kilimani, na rasi ya La Botte imejichoma ziwani. La Botte ikionekana vizuri, nguo zinabaki kwenye kamba. Ikififia, watoto wanatumwa wakazianue. Ikitoweka, kila mwenye miguu anakimbia, mimi nikiwemo. Mfumo huu ni mzuri sana kwa mvua inayotoka magharibi. Ile inayotoka mgongoni, Nyungwe, hutukuta wote tumeikodolea macho Bukavu.

Watu pekee wanaoniuliza maswali yenye akili ni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Wao hutoka jioni na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikining'inia, na hawaulizi kama mvua itanyesha. Mvua kwao ni maji juu ya maji. Wanauliza upepo utaanza saa ngapi na utatoka upande gani. Wanajua kwamba usiku ziwa hubaki na joto wakati vilima vimeshapoa, hewa baridi hushuka kutoka mlimani, na dhoruba inaweza kuzaliwa juu ya maji wakati Kamembe imelala fofofo. Wakiambiwa si usiku mzuri, wanakaa nyumbani. Hawaendi kuwatukana Meteo kesho yake kwa sababu hawakuzama.

Radi sasa. Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha orodha ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, kwa takwimu za setilaiti. Ya kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili ni Kabare. Ndiyo, Kabare hiyo hiyo, inayoizunguka Bukavu, ambako mama mkwe wangu ana ndugu. Radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka! Dunia nzima ingetafuta namba mbili, ikaikuta ng'ambo ya mto wetu.

Mama mkwe akija kututembelea ndiye anayeongoza maandalizi. Nguo nyekundu zote zinafungiwa kabatini, maana radi inapenda nyekundu. Vioo vinafunikwa kwa kanga. Watoto hawapigi mluzi. Kila mtu akishatii, mama anakaa kwenye kiti cha dirishani, simu sikioni, na simu hiyo imechomekwa ukutani ikichajiwa. Nilijaribu kusema. "Mama, samahani, labda tuichomoe simu." Akanijibu kwamba alikuwa anapigwa na ngurumo kabla baba yangu hajamwoa mama yangu. Mkwe hashindani na mama mkwe. Nilikwenda kuchomoa televisheni, ambayo haina ukoo.

Kwa wasio na mama mkwe wa kuwaongoza, hesabu ni rahisi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawa kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, toka shambani, toka majini, toka chini ya mkaratusi. Ukishaingia ndani, usitoke mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mkaratusi ndio mwavuli wa waendesha moto wetu wote, sita sita chini ya mti mmoja, mti mrefu kuliko yote kwenye kilima. Hapo mzaha wangu unaisha, kwa sababu tarehe 10 Machi 2018 radi iliwapiga waumini kanisani Nyaruguru, upande wa pili wa msitu wetu wa Nyungwe, na watu wasiopungua 15 walikufa. Walikuwa ndani ya jengo. Kinga ya radi kwenye kanisa na shule si pambo la wazungu.

Nina mpwa wangu Buffalo, jimbo la New York. Alikimbia ziwa moja akaenda kukaa kando ya lingine, Erie, na kule kinachotoka ziwani ni theluji. Alinieleza kwamba tahadhari zao zina madaraja. Moja inamaanisha dhoruba inawezekana: nunua chakula, jaza mafuta, mpigie bibi wa nyumba ya pili. Nyingine inamaanisha dhoruba iko karibu au imekwisha kufika: usitoke. Tahadhari nyingine hupiga kelele kwenye simu yenyewe. Nikasema, wenzetu wamefika. Kisha ikaja dhoruba ya Krismasi ya 2022. Ilitabiriwa siku kadhaa kabla. Amri ya kutoendesha magari ikatangazwa asubuhi ya tarehe 23 Desemba, wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini. Theluji ikafika zaidi ya mita moja, na watu zaidi ya 40 wakafa, baadhi ndani ya magari yao barabarani. Mpwa wangu alibaki ndani siku zote hizo na mchele na maharagwe, chakula ambacho alikuwa ameanza kukidharau.

Nilifarijika kidogo, nitasema ukweli, kwamba hata huko tatizo halikuwa mbingu. Mbingu zilitabirika vizuri. Watu ndio hawatabiriki.

Hapa kwetu tahadhari hufika kupitia grupu la WhatsApp la mudugudu, yaani kijiji chetu. Inaingia kati ya mchango wa msiba, kumbusho la bima ya afya na video ya mhubiri. "Mvua kubwa na upepo mkali vinatarajiwa." Nusu ya grupu inajibu "Amina". Mmoja anatuma maua. Kisha anaingia yule bwana ambaye kila grupu linaye, na video ya kimbunga kikisomba magari ya mji wa pwani, akiandika kwamba kinakuja Rusizi usiku huu, tuwatumie na wengine kumi. Ndugu yangu, kimbunga cha namna hiyo huzaliwa baharini na huhitaji kuwa mbali kidogo na ikweta ndipo kipate kuzunguka. Sisi hatuna bahari, na ikweta iko jirani. Tahadhari ya kweli ina tarehe, ina saa, ina majina ya wilaya na ina jina la aliyeitoa. Isiyo na vitu hivyo ni sinema. Na kabla hujaanza kubishana nami hapo grupuni, chaji simu, kwa sababu umeme ndio wa kwanza kuondoka, na tahadhari ya pili itakukuta gizani ukitafuta kiberiti kwa kupapasa.

Naambiwa nanung'unika sana kuhusu mvua. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mkoa wetu huu wa Magharibi, pamoja na sehemu ya Kaskazini, ulinyeshewa mpaka vilima vikaporomoka na mto Sebeya ukaingia majumbani Rubavu. Zaidi ya watu 130 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala. Kesho yake, upande wa pili wa Kivu, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe vikasombwa, na waliokufa walizidi 400. Kwa hiyo nitanung'unika. Ukiona ufa mpya kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mti uliosimama wima juzi umeanza kuinama, au maji yanachuruzika mahali ambapo hayajawahi kutoka, beba watoto uondoke, usingoje redio. Redio haikioni kilima chako.

Vingine vyote ni kazi ya jembe. Umuganda, kazi yetu ya pamoja, ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na hiyo ya Agosti ndiyo ya mwisho kabla Umuhindo haujaanza kutudai. Jirani yangu wa juu, najua unaisoma safu hii, maana gazeti ni langu na huwa hulirudishi. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mtaro wako na chepeo mbili. Njoo na toroli. Mchanga ni wako, utaurudisha uani kwako. Na kama ng'ombe amekwisha kukamuliwa, njoo na maziwa pia.